Wahojiwa 60 Ambao Hawajawahi Kuzaliwa

Mwezi uliopita msichana mmoja wa jirani yetu hapa Matayos alikuja kwetu na laptopu kwapani. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea sosholojia. Tasnifu yake, projekti kama tunavyoiita sisi wote tuliopitia kampasi, inahusu wanawake wanaouza mitumba mpakani Busia. Sura tatu za kwanza zimekamilika. Ya nne, ile ya matokeo ya utafiti, haina hata mstari, na msimamizi wake anaitaka baada ya wiki mbili.

"Bro, wewe si unajua hizi vitu," akaniambia. "Nitengenezee tu majibu ya watu sitini. Nitakulipa."

"Na hao watu sitini nitawatoa wapi?"

"Si unawatoanga kichwani?"

Nilicheka, lakini lilinichoma. Alikuwa anasema ukweli. Tangu nilipoacha chuo naishi kwa kuandika: makala, tafsiri, maelezo ya bidhaa za watu, na kwa karibu miaka miwili, projekti za wanafunzi wengine. Nilikuwa na kanuni yangu. Wahojiwa 60, wanawake 32, wanaume 28. Hiyo inakupa asilimia 53.3, nambari yenye desimali, na desimali hutuliza moyo wa mtahini. Huwafanyi wote wakubaliane. Unaacha saba wapinge na wanne waseme hawana hakika. Mwishoni unaweka nukuu mbili tatu za "mhojiwa wa kike, miaka 45". Huyo mama wa miaka 45 nimemtumia katika projekti zisizopungua sita. Ameshakuwa mkulima, mgonjwa wa kisukari, mfugaji wa kuku na mwanachama wa chama cha akiba. Hajawahi kuzaliwa.

Sikuwa naona ubaya wowote mkubwa. Nani husoma projekti ya mwanafunzi wa digrii ya kwanza? Inapigwa chapa, inafungwa kwa jalada gumu la rangi ya chuo, inatiwa sahihi, inawekwa kwenye rafu, basi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Wacha nikueleze kwa nini nilikuwa nimekosea, na kwa hilo inabidi twende Dar es Salaam, mwaka 1968.

Wakati huo Tanzania ilikuwa na miaka saba tu tangu bara lipate uhuru, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita miaka 63. Vilianza Julai 1905 katika vilima vya Wamatumbi, kule Nandete, watu walipong'oa pamba ambayo serikali ya Kijerumani iliwalazimisha kulima. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya kuwakinga watu na risasi, alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa vichanga kabisa. Vilipoisha mwaka 1907, kusini yote ilikuwa na njaa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Makadirio yaliyofanywa baadaye na Gilbert Gwassa yalifika kati ya 250,000 na 300,000.

Sasa, nani aliandika habari za vita hivyo? Kwa miaka mingi waliosikika zaidi ni washindi. Gavana aliyevipigana, Götzen, alichapisha kitabu chake kuvihusu mwaka 1909. Kulikuwa na ripoti za maofisa, barua za wamisionari, faili za serikali. Mzee wa Umatumbi aliyemeza maji yale na akaishi, huyo alikuwa na hadithi ya kuwasimulia wajukuu jioni, na wajukuu wenyewe labda walikuwa wamesinzia.

Hapo ndipo Idara ya Historia ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam ilifanya jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko linavyosikika. Iliwachukua wanafunzi wake, vijana wa rika la hawa wanaonitumia pesa kwa M-Pesa niwaandikie, ikawatuma kusini wakati wa likizo. Wakiongozwa na Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini na madaftari, wakawauliza wazee: ulikuwa wapi? Nani alileta maji? Mliambiwa nini? Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1905 alikuwa ameshagonga 83. Wengi walikuwa watoto tu wakati wa vita. Hapakuwa na muda wa kuahirisha muhula.

Karatasi zao zilikusanywa na kutolewa pamoja chuoni mwaka 1969. Mwaka huohuo kijitabu cha Mapunda na Mpangara kuhusu vita hivyo katika Ungoni kilichapishwa na East African Publishing House, kama waraka wa kwanza wa mradi huo. Mwaka huohuo tena Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake, *Kinjeketile*. Gwassa mwenyewe alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu juu ya vita hivyo mwaka 1973. Leo, mtu yeyote anayeandika kuhusu Maji Maji kwa uzito, awe Dar au Berlin, lazima apitie kwenye madaftari ya wale wanafunzi. Ile rafu niliyodhani haisomwi na mtu ndiyo imebeba kumbukumbu ya taifa.

Lakini hadithi haiishii hapo, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonikosesha usingizi. Miaka 30 na zaidi baadaye, wanahistoria wengine walirudi kuzisoma zile karatasi wakazikosoa. Walisema maswali yaliegemea upande mmoja. Tanzania ilikuwa changa, ilikuwa inatafuta mababu wa umoja wake, kwa hiyo wanafunzi walitumwa kutafuta umoja na wakaupata. Mambo ya wanawake na njaa, ya misitu na uwindaji, ya ugomvi wa majirani uliokuwapo kabla ya Mjerumani kufika, yalisukumwa pembeni. Ukosoaji huo umejaa vitabu.

Jiulize waliwezaje kukosoa. Waliweza kwa sababu kulikuwa na kitu cha kukosoa. Mzee fulani, wa kijiji fulani, alisema maneno fulani kwa kijana fulani. Unaweza kurudi ukasema: hapa aliulizwa vibaya. Unaweza kumsikia mzee akikwepa swali ili aseme lake. Utafiti wenye kasoro unaendelea kuzaa. Lakini yule mama yangu wa miaka 45, mwanahistoria wa mwaka 2070 atamfanya nini? Atamnukuu tu. Ataandika kwamba katika Kaunti ya Busia, asilimia 53.3 ya wakazi waliamini kitu ambacho nilikitunga saa nane usiku, nikiwa na chai ya rangi na deni la nyumba.

Na usidhani haya ni ya Tanzania peke yake. Huku kwetu magharibi, katika miaka ya sitini, Gideon Were alizunguka akiwahoji wazee wa Waluhya, Wateso na Wakalenjin wa Elgon. Mwaka 1967 alitoa historia yake ya Abaluyia. Lakini pia alitoa kitabu cha pili ambacho watu hawakitaji sana, chenye masimulizi yenyewe ya wazee. Yaani aliweka chakula mezani, kisha akakuonyesha na jiko. Baadaye, katika miaka ya sabini, wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandika tasnifu za historia za kwao, na ukifungua vitabu vingi vya historia ya Kenya ukaangalia chini ya kurasa utawakuta humo. Ni kijana wa miaka 22 aliyerudi kijijini kwao likizo ya Agosti, na profesa wa ng'ambo anamtegemea.

Kuna mwingine wa aina hiyo ambaye sisi wa mpakani tunamjua vizuri kuliko tulivyopenda. Kati ya 1967 na 1970 Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi Dar es Salaam. Aliongoza kikundi cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, na mwaka 1968 yeye na wenzake walivuka kwenda kuyaona maeneo ya Msumbiji yaliyokuwa mikononi mwa Frelimo. Tasnifu yake ya shahada ya kwanza ilihusu nadharia ya Frantz Fanon juu ya matumizi ya nguvu, na jinsi ilivyothibitika huko Msumbiji. Ilichapishwa baadaye katika kitabu kilichohaririwa na Nathan Shamuyarira. Ukiisoma kichwa chake tu unahisi kwamba kijana alikwenda porini akiwa na jibu tayari, akitafuta ushahidi. Mwaka 1986 aliingia Kampala na bunduki. Desemba 1987, majeshi ya Kenya na Uganda yalirushiana risasi hapa Busia, na nyumbani kwetu bado wanasimulia nani alikimbia na godoro na nani alikimbia na kuku. Februari 2018 alikuja mpakani mwenyewe, akakifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha akiwa na Uhuru Kenyatta.

Simtaji ili nimsifu wala nimlaani. Ninachosema ni kwamba ile karatasi ni yake. Anayempenda na anayempinga wanaweza kuifungua wakasema, wewe uliandika hivi ukiwa mwanafunzi, sasa vipi? Hakuna atakayewahi kumuuliza hivyo yeyote kati ya wateja wangu. Na mimi pia siulizwi, maana jina langu halipo.

Nami nilikuwa na projekti yangu. Ilihusu bodaboda.

Kama uko Nairobi au Mombasa au Kampala na umewahi kupanda nduthi, umepanda kitu kilichozaliwa huku kwetu. Maandishi mengi yanasema kazi hiyo ilianza mpakani miaka ya 1960 na 1970, kwa baiskeli, watu wakibebwa kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda: kutoka boda hadi boda. Pikipiki zilikuja kuijaza miaka ya 2000. Basi mimi nikayanakili hayo, nikayapanga vizuri, nikapeleka sura ya pili kwa msimamizi wangu nikiwa na kifua mbele.

Ilirudi na penseli pembizoni. "Nani amesema?" Mistari mitatu chini, tena: "Nani amesema?" Mara nne katika ukurasa mmoja. Nikapanda ngazi hadi ofisini kwake nimenuna. Nikamwonyesha kwamba kila sentensi ina marejeo yake.

"Kijana, wewe unatoka wapi?"

"Matayos, mwalimu."

"Kwa hiyo umetoka Matayos, ukaja mpaka huku, kusoma kitabu cha mtu aliyekwenda Matayos?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani.

Mzee wa kwanza niliyemhoji alikuwa amekaa kwenye steji mjini Busia, anauza njugu mahali alipokuwa akisimamisha Black Mamba yake zamani. Alisema walianza kwa kubeba watu. Kutoka geti hadi geti kulikuwa na mwendo, jua kali, mtu ana sanduku, ukafunga sifongo kwenye karia, ukaita "Boda! Boda!", ukalipwa. Watu wa Malaba, alisema, waliiga tu.

Nikaenda kwa kukhu, mama yake mama. Alikuwa akifanya biashara miaka ya Amin, wakati sabuni, chumvi na sukari zilikuwa dhahabu upande wa pili na kahawa ikija huku usiku kwa magendo. Nikamsomea maneno ya yule mzee. Akasonya.

"Watu walikuja baadaye," akasema. "Mzigo ulikuwa na pesa kuliko mtu. Walibeba sukari yetu sisi wanawake. Sasa baiskeli ikirudi tupu, si ni hasara? Ndipo wakaanza kubeba watu. Sisi ndio tuliwalipa kwanza. Lakini mwanaume ataanzaje kukwambia alikuwa mtumishi wa mwanamke?"

Kwake mpaka wenyewe ulikuwa jambo la kuchekesha. Dada zake wawili waliolewa ng'ambo. Aliniambia wazee wake walizaliwa wakati huku kote kulihesabiwa Uganda, na kweli, mpaka 1902 nchi hii ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda kabla Waingereza hawajauhamishia Kenya. Mstari huo wa zamani ndio Amin alioukumbuka Februari 1976 alipodai kipande kikubwa cha Kenya. Kukhu anakumbuka hofu ya mwezi ule. Anakumbuka pia kwamba bei ya sabuni ilipanda.

Nilimpelekea msimamizi masimulizi hayo mawili nikiwa na wasiwasi, kwa sababu yanagongana. Nikamuuliza nichukue lipi.

"Usichukue lolote," akasema. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akitabasamu. "Sasa ndiyo una historia. Andika yote mawili. Halafu jiulize kila mmoja anapata nini akisimulia hivyo. Halafu tafuta wengine."

Nilikuja kuelewa baadaye sana kazi yake ilikuwa nini. Nilidhani msimamizi ni mtu wa kurekebisha sarufi na kukuambia uongeze sura. Hapana. Alikuwa analilinda swali langu lisiliwe na jibu nililokuja nalo. Wanafunzi wa Dar walikuwa na walimu hodari, na bado swali lao lilipinda kidogo kwa sababu nchi nzima ilikuwa na hamu ya jibu. Mwanafunzi peke yake, na tarehe ya mwisho shingoni, atapinda zaidi. Mwanafunzi aliyelipa mtu kama mimi hana hata swali la kupinda.

Nilihoji watu 11. Kisha karo ikakwama. Haikuwa kisa cha sinema: salio lilikua, jina likakosekana kwenye orodha ya mtihani, nikarudi nyumbani "kwa muda", na muda ukawa huu. Daftari nililirudisha nalo. Kwenye lile daftari mzee wa njugu yupo, lakini steji hayupo tena. Tulimzika mwaka juzi. Mwingine mmoja pia ameondoka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 leo yuko katikati ya sabini. Tuko karibu pale walipokuwa wale wanafunzi mwaka 1968, na mimi nilikuwa nimekaa naunda wahojiwa wa kubuni, umbali wa safari fupi ya boda kutoka kwa wahojiwa wa kweli.

Kwa hiyo nilimwambia yule msichana hapana. Sikumwambia kwa ushujaa. Pesa yake niliihitaji. Nilimwambia sitatunga majibu, lakini nitaenda naye Busia kama atanilipia nauli na chakula. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaja.

Tulikaa sokoni siku mbili tukapata wanawake tisa. Wengine walitufukuza wakidhani ni watu wa kodi. Mmoja alituongelesha karibu saa nzima huku akipanga suruali za watoto, jinsi alivyoanza kwa kuvuka na furushi kichwani, jinsi alivyolala nje ya forodha na mtoto mgongoni. Alipomaliza akauliza jina lake litaandikwa wapi. Msichana akamweleza, kama tulivyofundishwa sote, kwamba majina hufichwa kwa ajili ya usalama wa mhojiwa.

"Ah-ah," mama akasema. "Nimeongea yote haya halafu niwe mtu hivihivi? Andika jina. Na uandike vizuri."

Tukaliandika. Ana miaka 45, kwa taarifa yako. Nilimuuliza mara mbili.

Sura ya nne ilikwenda kwa msimamizi ikiwa na wanawake tisa. Imerudi wiki hii: "Tisa ni wachache. Eleza ni kwa nini, na utetee." Sasa anaandika utetezi huo hapa mezani kwetu, anafuta, anaandika tena. Ameniuliza mara tatu nimsaidie sentensi ya kwanza na nimekataa mara tatu, ingawa ninayo.

Ijumaa naenda Malaba. Kuna mzee huko ambaye, kwa mujibu wa jamaa zake, anasema bodaboda ilianza kwao na kwamba sisi wa Busia ndio tulioiga. Kukhu amesikia. Ameniambia nikamwulize huyo mzee alikuwa akibeba sukari ya nani.